Mama Poda Atafutiwa Dhambi

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Tangu alfajiri ukungu ulikuwa umelala juu ya mlima kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Mama Poda, mpambaji wa tamthilia, alimaliza sala zake, akafungua sanduku la rangi, akakosa uso wa kupaka. Waigizaji karibu wote walikuwa wamekwisha kufa.

Tamthilia ilihusu mauaji katika nyumba ya wageni kileleni, mbali na watu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kweli: baridi, mende, na lori la chakula lililopanda mara moja kwa wiki. Maiti akisharekodiwa alikuwa huru kushuka na lori. Ndipo watu wakaanza kubembeleza kifo.

"Mkuu, niue mapema, dada yangu anaolewa," aliyeigiza Mpishi alimwambia Mwongozaji.

"Mimi mende wamenishinda," alisema Mjane. "Sumu, kisu, chochote utakachojaliwa."

Mwongozaji alikuwa na huruma, na huruma haimfai mtu wa mauaji. Aliwaua, akawapungia mkono. Wa mwisho alikuwa Daktari, ambaye mkewe alikaribia kujifungua. Jina la muuaji Mwongozaji alikuwa amelificha kwa kila mtu, akihofia midomo. Leo, katikati ya chai, akakumbuka kwamba muuaji ndiye huyo Daktari, na lori lilikwisha shuka naye.

"Sasa nimkamate nani?" aliuliza Mpelelezi, mwigizaji pekee aliyesalia.

Wote wakamgeukia Mama Poda. Aliyeigiza Mtumishi alipougua siku za mwanzo, yeye ndiye aliyevalishwa aproni, akapita mbele ya kamera na sinia.

"Nilibeba chai tu," alisema.

"Na nusu ya marehemu walikunywa chai," alisema Mpelelezi. "Mama Poda, hapo huna pa kutokea."

Mama Poda akakaa juu ya sanduku lake. Mama mkwe wake alikuwa akiitazama tamthilia sebuleni pamoja na kikundi kizima cha maombi, na kikundi hicho kilikuwa kimemchagua yeye Mama Poda kukiongoza. Miaka yote mama mkwe alisema televisheni itamharibu mkwewe. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kumwita mwanangu.

"Mama asiporidhia, siui mtu," alisema.

Mtandao ulipatikana dirishani tu. Wakasongamana hapo, mama mkwe akapigiwa, simu ikawekwa kwa sauti ya juu, naye Mama Poda akaeleza bila kuficha.

"Hata yule Mjane mwenye maringo?" aliuliza mama mkwe.

"Hata yeye, mama."

"Huyo alijitakia. Na ukikamatwa utasema nini?"

Mwongozaji akamsogezea karatasi. Mama Poda akasoma: "Nisameheni, shetani alinipitia."

"Ndicho nilichokuwa naogopa," alisema mama mkwe. "Kila muuaji wa televisheni, shetani alimpitia. Shetani huyo ana miguu mingapi? Kuua ni kazi, nimekuelewa. Lakini mke wa mwanangu hatamsingizia mtu mbele ya wanamaombi wangu, hata huyo. Hao wenzako wananisikia?"

"Tunakusikia, mama," wakaitika, Mwongozaji akiwa tayari anaikata sentensi kwa kalamu.

"Basi apa."

Mama Poda akasimama, akaichukua ile aproni, akaifunga vizuri, akainua mkono.

"Mbele ya Mungu, mbele yako mama, na mbele ya hawa wote, naahidi: nitawaua kwa akili zangu mwenyewe."