Rubisi ya Shukrani

Kosa la Gamaliel lilikuwa adabu. Binti yake Jovita alipofaulu mtihani wa darasa la nne na kuitwa shule ya bweni ya masista, upande wa Bukoba, baba mtu alijaza kibuyu cha rubisi akaenda kumshukuru Kaijage, mtwazi wake. Ndivyo walivyolelewa huko Muleba: ardhi ni ya mtwazi, wewe mtwarwa unalima kwa hisani yake, na kila jema linalokupata hupitia kwanza mlangoni kwake. Mjinga gani angepeleka shangwe kwa mtu ambaye mwanawe Clavery amefeli mtihani uleule? Gamaliel, basi. Uhuru ulikuwa umetimiza mwaka, lakini magoti yake yalikuwa hayajaambiwa.

Kaijage aliinywa ile pombe mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo, akasema binti asiende. Aje kwake kuchota maji na kupika, kama marehemu mama yake alivyofanya. Gamaliel, kwa mara ya kwanza maishani, akasema hapana. Alisema kwa upole, akiwa bado amepiga magoti, na upole huo ndio uliompandisha mwenzake hasira.

Jumatano wakaja watu wanne wenye marungu, wakiongozwa na Kagaruki, msimamizi wa mashamba ya Kaijage, ambaye naye alikuwa mtwarwa tu. Walimkuta Gamaliel akipalilia migomba. Walimpiga mbele ya binti yake mpaka mkono wa kushoto ukavunjika na meno mawili yakabaki kwenye nyasi. Damu ilimwingia machoni, asione anayempiga. Kagaruki ndiye aliyepiga kuliko wote. Mnyonge aliyepewa rungu ana hofu ya kunyang'anywa.

Tangu siku hiyo Jovita hakutaka tena kusikia habari za shule. Alifungua sanduku lake la bati, akatoa nguo zote, akasema hawezi kusoma huku baba yake akiuawa. Gamaliel alizirudisha nguo sandukuni moja moja, kwa mkono mmoja.

Jumatatu asubuhi, siku ya safari, Kaijage alikuja mwenyewe, watu wake nyuma.

"Chagua, Gamaliel," alisema. "Binti aende, nawe utoke kwenye kibanja changu. Au abaki, nawe uje kulala walipolala babu zako."

Chini ya migomba ile alizikwa babu yake, akazikwa baba yake, na mkewe pia. Ukimtoa Mhaya kwenye makaburi yake, hajui tena aseme ametoka wapi. Jovita alilijua hilo. Alipiga magoti mbele ya mtwazi.

"Kasinge, waitu," alimwamkia. "Nitabaki."

Gamaliel akachukua panga kwa mkono uliosalia. Marungu yakainuka, lakini hakuwaelekea wao. Alikata mgomba uliosimama kaburini kwa baba yake, mkungu wake ukiwa umekomaa, ukaanguka kwa kishindo. Akakata wa pili. Akakata wa mkewe. Kwao, kukata migomba ni kuua, na hata Kagaruki alirudi nyuma, uso umemparama. Kaijage alifoka kwamba hiyo ni mali yake. Panga liliendelea.

"Tata, basi," Jovita alimlilia baba yake, akamshika kiunoni. "Nimeshasema nabaki."

Gamaliel hakuwahi kumgusa mtoto huyo hata kwa ufito. Sasa alimgeukia akampiga mgongoni kwa ubapa wa panga. Akampiga tena, na tena, akimswaga kuelekea barabarani, yeye akilia kuliko anayepigwa. Sanduku, lililokuwa limewekwa kando ya njia, alilisukuma kwa mguu mpaka miguuni pake.

"Nenda," alisema. "Hapa si kwenu tena."

Jovita akaliokota, akaenda akipepesuka. Gamaliel alisimama akimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Ndipo akaliacha panga lianguke, akawageukia wenye marungu.