Beringi Iliyolia Kichwani

Karakana ile ilikuwa na mafahali wawili, na kwa bahati mbaya walikuwa mashemeji. Mwenye mali tulimwita Bosi. Fundi aliyemwoa dada yake tulimwita Sikio, maana ugonjwa wa mashine aliutambua kwa kusikiliza. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye mashine inayozunguka, mpini anaukandamiza kwenye mfupa wa mbele ya sikio, anafumba macho. Akiyafumbua anasema, "Beringi ya nyuma." Ukifungua, unaikuta ya nyuma imeliwa. Wateja walimfuata yeye, si Bosi, na hilo lilimuuma Bosi kuliko jino bovu.

Mimi nilikuwa mchomeleaji, nimetua pale kama nilivyotua kwingi. Nilikaa kwa sababu matusi yao yalinichangamsha.

Ila miaka ya nyundo na jiwe la kunolea haimwachi mtu salama. Sikio akaanza kusikia mlio ambao sisi wengine hatukuusikia, siii, mwembamba, hauna mwanzo wala mwisho. Mchana kelele za kazi ziliufunika. Jioni nyumba ikitulia, ulimjaa kichwani kama nyenje. Akagundua glasi ya kwanza inamsahaulisha, ya pili inamlaza. Basi baa ikawa haimkosi. Asubuhi mlio ulikuwa unamngoja umenenepa, naye alilaumu jua, majirani, hata mto wa kulalia, kila kitu isipokuwa chupa.

Mkewe akamburuta kwa daktari wa masikio. Alirudi amenuna.

"Kasemaje?" nikamuuliza.

"Ati masikio yamechakaa kwa kelele. Ati pombe niiache kwanza nione. Watu hawafanani, wengine haiwagusi, wengine inawapandishia mlio na kuwaharibia usingizi. Niache, halafu nijisikilize. Dawa gani hiyo, mtu kujisikiliza?"

"Si ndiyo kazi yako?"

"Chomelea, mzee. Chomelea."

Ndipo likaja lile la kompresa. Mwanamke mmoja mwenye kiwanda cha barafu, Mama Barafu, alituletea kompresa yake inayolia vibaya, naye akasimama pale pale kungoja, barafu yake inayeyuka kiwandani. Sikio alikuwa ametoka kulewa, macho mekundu kama pilipili. Akasikiliza. "Inapiga mluzi. Beringi imekwisha."

Tukafungua mashine nzima. Beringi ikatoka safi, imejaa grisi, inateleza kama mpya. Kilicholegea kilikuwa mkanda tu, wa kukazwa na mtu yeyote mwenye spana.

Bosi aliinua ile beringi juu kila mtu aione.

"Shemeji, mluzi uko wapi? Maana hapa haupo."

Sikio akanyoosha mkono aipokee, Bosi akaivuta.

"Uko humo! Ndani ya hilo boga lako! Unatufungulisha mashine ya watu kwa sababu ya pombe inayopiga filimbi kichwani mwako?" Watu wakacheka, na mimi nikiwemo. "Kuanzia leo unaosha vyuma. Mashine husogelei. Sikio la kufa halisikii dawa."

Akakalishwa mbele ya beseni la dizeli, kusugua nati. Fundi aliyekuwa akisubiriwa kama bwana harusi, sasa anasugua nati.

Hakututangazia kwamba ameacha kunywa. Tulijua kwa ukali wake. Siku za mwanzo hakulala, mlio ukazidi, akawa anamfokea hata paka. Bosi naye, kwa roho yake nzuri, akaja na bia baridi akaiweka pembeni ya beseni.

"Karibu, shemeji. Kuosha kunakausha koo."

Sikio hakuinua uso. "Mpelekee dada yako. Mwambie ni wewe uliyeninunulia."

Bosi akaichukua chupa yake upesi. Bosi alimwogopa dada yule tangu utotoni.

Baada ya muda Sikio aliniambia, bila mimi kumuuliza, "Mlio haujaondoka. Ila umetulia. Nilipokuwa nakunywa, leo mluzi, kesho zumari, sikujua upi wangu upi wa mashine. Sasa una sauti moja. Mpangaji mbaya, lakini walau namjua."

Mama Barafu akarudi, safari hii na mota inayonguruma. Bosi akaitegea sikio, akakuna kichwa, akasema ifunguliwe yote.

"Namtaka Sikio," mama akasema.

"Huyo ameharibika, mama."

"Na barafu yangu je, haikuharibika? Asikilize, la sivyo naivusha barabara kwa wapinzani wenu."

Bosi akatuangalia wote, kisha akatabasamu tabasamu la fisi. "Sawa. Mbele ya watu. Akikosea tena, abebe vyombo vyake, asikanyage hapa. Umesikia, shemeji? Au nipige kelele zaidi?"

Sikio akafuta mikono. "Zimeni mashine zote."

"Zote? Utasikiliza nini, makaburi?"

Tukazima. Akaiweka bisibisi juu ya mota iliyokufa, akafumba macho. Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Imezimwa, mwendawazimu wewe!" Bosi akapaza sauti.

"Najua. Najisikiliza mimi kwanza, nijue mlio wangu wa kutoa. Funga mdomo, nawe unalia."

Akakaa hivyo mpaka miguu yetu ikaanza kutuwasha. Kisha, "Iwasheni hiyo mota peke yake." Ikanguruma. Akahamisha ncha mbele, akahamisha nyuma, akashuka mpaka mkiani.

"Beringi zote nzima. Feni ya kupozea inakwangua kifuniko chake."

Bosi mwenyewe ndiye aliyezima mota na kufungua kifuniko, kwa pupa, akitamani kukuta kingine. Kwa ndani bati lilikuwa limebonyea, na hapo palipobonyea feni imelikwangua mpaka linang'aa.

"Umebahatisha," akasema.

"Basi kabahatishe na wewe."

Mama Barafu alishaanza kumwelekeza Sikio mashine zake nyingine zilizobaki kiwandani, huku amempa Bosi mgongo. Bosi akakitupa kifuniko mezani kwangu, kikaniparuza kidole.

"Nyoosha hiki. Na wewe shemeji, ukimaliza kupiga domo, kuna pampu pale inakungoja. Usidhani nimekusamehe."

"Nani kakuomba?"

Wakatazamana kama majogoo. Sisi tumesimama, spana mkononi, mashine zote bado zimezimwa. Sikio ndiye aliyegeuka kwanza, amekunja uso, kiganja kimebana sikio.

"Washeni mashine basi! Mnadhani kimya hiki kinanifurahisha?"

Tukawasha.