Vidole Vinne Chini ya Mtende

Kila mwaka, tarehe tano ya Muharram, nawapima wanaume mabega. Wanasimama mmoja mmoja kwenye ukuta wa uwanja, miguu mitupu, nami nachora mstari wa chaki pale bega linapoishia. Kazi hii hakunifundisha mtu. Niliona tu kwamba boriti ikipita juu ya mabega yasiyolingana, mrefu anaumia na mfupi anatembea bure.

Tunachokibeba tunakiita Mtende, ingawa hakina tunda wala jani. Ni kiunzi cha mbao, kipana katikati na kilichochongoka juu, kirefu kuliko paa la msikiti wetu. Nje kinafunikwa kitambaa cheusi. Ndani ni kitupu. Ni jeneza. Siku ya Ashura, Hussein alipouawa Karbala pamoja na watu wake, baada ya kunyimwa maji ya mto Furat, miili iliachwa mchangani. Inasimuliwa kwamba zilipita siku tatu kabla ya watu wa Bani Asad kuja kuizika. Hapakuwa na jeneza, wala mabega ya kulibeba. Sisi wa kijiji cha Bonavand tumechelewa miaka elfu moja na mia tatu na zaidi, lakini mabega tunayaleta.

Kila nafasi chini ya Mtende ina mwenyewe. Humwachia mwanawe, au mtoto wa nduguye, na kukabidhiana kuna namna moja tu. Mtende ukiwa umeinuliwa, mrithi anaingiza bega lake kando ya bega la mwenye nafasi, anasema "Nimeipata," na yule wa zamani anatoka. Kukabidhiana kwa maneno, watu wameketi zuliani wanakunywa chai, hakuhesabiki.

Mwaka huo Mashdi Khodadad, mzee wa miaka sabini na minne, alikuja kupimwa amevaa viatu vyenye soli nene.

"Vua viatu, Mashdi."

"Miguu ina baridi."

"Kwenye jua hili?"

Rostam mwoka mikate, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akadakia, "Mwache, Fundi. Mwakani atakuja na ngazi."

Watu walicheka, na Khodadad mwenyewe akacheka. Akavua. Nilichora mstari, nikasimamisha fimbo ninayokata alama ya bega lake kila mwaka, kisha nikaweka vidole vyangu kati ya mstari mpya na alama ya juu. Viliingia vinne: ndivyo alivyokuwa amefupika.

Jioni Haji Seyfollah, anayepanda juu ya Mtende na kupiga matoazi ya kuongoza wabebaji, alikuja karakanani kwangu.

"Mwaka jana tulivyofika kona ya birika la maji la kijiji, Mtende uliinama," alisema. "Barat alibeba mzigo wa watu wawili. Bega lake lilivimba mpaka mwezi ukaisha."

Barat-Ali ni mtoto wa marehemu kaka yake Khodadad. Hubeba nyuma ya ami yake, boriti ileile, na ndiye mrithi, kwa kuwa Khodadad ana mabinti tu.

"Kamwambie akae pembeni," Haji akasema. "Mimi nikimwambia tutagombana."

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Khodadad alinimiminia chai, akasogeza bakuli la sukari, akaniangalia.

"Umetumwa."

"Nimetumwa."

"Miaka miwili sasa boriti hainigusi, Fundi. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Hukuniuliza."

Alitabasamu kidogo. "Natembea nimeinua mkono kama mtu anayesimamisha basi."

"Basi mpe Barat."

"Nimpe nini?" Alijipiga bega kwa kiganja. "Hapa hakuna kitu. Aje aseme 'Nimeipata', ameipata wapi? Tudanganyane chini ya jeneza la Hussein?"

"Usipompa, Haji atakutoa tu, Barat aingie."

"Najua. Na nafasi ya baba yangu itakuwa imeokotwa, kama kofia njiani." Alizungusha glasi yake bila kunywa. "Miaka arobaini na mmoja, Fundi. Sikatai kutoka. Nakataa kutoka hivi."

Nilirudi karakanani nikatafuta kipande cha mforosadi mkavu, nikakikata unene wa vidole vinne. Upande wa chini nilikichonga kifuate mviringo wa bega, nikapigilia kitambaa kizito cha sufu, nikaweka mkanda wa kupita kwapani. Barat alinikuta nakipiga msasa. Alikigeuza-geuza mikononi.

"Ami atauhisi mzigo?"

"Wote."

"Atauweza?"

"Sijui. Mpaka kona ya birika, labda."

Alikirudisha mezani taratibu. "Mimi sina haraka, mwambie hivyo. Ila nisiingizwe bila yeye."

Haji Seyfollah alikipima kile kipande mkononi. "Akianguka?"

"Nitatembea kando yake."

"Akianguka, Fundi, ni juu yako."

"Sawa."

Siku ya Ashura, adhuhuri, uwanja ulijaa hadi juu ya mapaa. Nilimfunga Khodadad mkanda, akaingia mahali pake. Matoazi yalilia mara tatu, wanaume wakaita "Ya Hussein," na Mtende ukapanda. Nilimwona akishuka kidogo magotini, kisha akasimama. Mishipa ya shingo ilimtoka.

"Imekugusa?" nilimuuliza.

"Imo!" Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Imo yote, Fundi! Nilisahau ina uzito gani!"

Nyuma yake Barat alisema, "Polepole, ami. Hatua fupi."

"Usinifundishe! Nilianza kubeba hujazaliwa!"

Walikwenda hatua thelathini, arobaini. Nilikuwa nazihesabu. Karibu na birika goti lake la kulia lilianza kutetemeka, nami nikanyoosha mkono, lakini hakunitazama.

"Barat! Njoo!"

Mtu wa akiba aliingia nafasi ya Barat, na Barat akasogea mbele, akapachika bega kando ya bega la ami yake.

"Nimeipata."

"Sijasikia!"

"Nimeipata, ami! Toka!"

Khodadad aliinama, akatoka chini ya boriti. Kona ile Mtende haukuinama. Nilimfungua mkanda, sufu ilikuwa imelowa jasho, na begani kulikuwa na alama nyekundu ya pembe nne. Aliigusa kwa kidole, akaiacha.

Kisha akageuka. Mtende ulikuwa unapita mbele yetu, kitambaa kikipepea, vioo vilivyotundikwa vikimeta, na chini yake miguu mingi mno.

"Kumbe ndivyo unavyokwenda," alisema. Miaka yote ile alichokuwa akikiona siku ya Ashura ni kisogo cha mtu wa mbele yake.

Watu waliotuzunguka walikuwa wanajipiga vifua kumwombolezea Hussein. Mbebaji hajipigi kifua. Mikono yake ina kazi. Khodadad aliwatazama kidogo, akainua kiganja, akaanza naye. Alikuwa akichelewa kila pigo. Mama mmoja kando yake, bila kugeuza kichwa, alipiga kwa nguvu zaidi ili amsikie, naye akamfuata.