Shingo ya Itzel

…na usitikisike, Itzel, umekalia siafu au, msuko huu ukienda upande nafumua wote na muziki uanze bila wewe, naye ananung'unika kwamba wenzake wa ngoma wameshaingia ukumbini, waingie, parokia haihami, inamisha kichwa… lakini mimi mwenyewe nagawa nywele huku macho nimeyatupa ukutani, maana chini ya nywele kuna shingo, na shingoni kuna ule weusi, tangu Kwaresima namwachia nywele zimfunike mgongo nisiuone, nikiuona namwona marehemu baba yangu na mguu wake mmoja, kisukari kilianza kama utani, kikaja kuchukua mguu, kikamchukua na mwenyewe… na huyu ana miaka tisa… mama mkwe hapo kwenye benchi anasema kitu kuhusu jua, ndiyo mama, naitikia, Doña Eufrasia huyu huyu aliyeniambia mbele ya mume wangu kwamba mtoto haogeshwi, ile si rangi, ni nongo, akaleta ndimu na magadi, akamsugua kwa dodoki mpaka mtoto akalia, na mimi nimesimama mlangoni na taulo lake, roho inanichoma… mpaka akaja Yesenia, jirani yetu, zahanati imemfundisha kupita nyumba kwa nyumba, hakutoa hotuba, alikula maharage yangu kwanza, hapo nikampenda, kisha akainua nywele za Itzel akasema taratibu, "Dada, huu si uchafu. Mwili wake unahangaika na sukari. Lakini bado mapema, inazuilika." Bado mapema, maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo… soda ikatoka mezani, tukaweka maji ya tango, mama mkwe akasema hata gerezani wanakunywa soda, akawa anamchomekea mtoto tortila, chapati za mahindi, chini ya meza, nikamwona, tukanuniana, jioni tunatembea mpaka bustanini yeye akifuata nyuma ili alalamike vizuri, siku hizi ndiye anayetangulia, umbea wote wa mtaa uko njiani… na Yesenia alinionya, weusi huo hautoki upesi, usiuchungulie kama maharage jikoni… "Mama, bado?" Bado, tulia… basi na nitazame, liwalo na liwe… shingo. Shingo tu, rangi ya mkate, kivuli chembamba pale karibu na sikio, basi, nalisogeza shati, hakuna kingine, Bikira Maria wa Guadalupe, kumbe nilikuwa nimebana pumzi miezi yote hii, mtoto wangu, mtoto wangu ana miguu yake miwili na atacheza nayo… mama mkwe ameinuka, ameona ninavyokodoa macho, analamba kidole gumba, anasugua shingo, anakitazama kidole, anasema, "Afadhali. Hatimaye umejifunza kumwogesha." Jana ningemjibu, maneno ninayo, nimeyaweka akiba mwaka mzima, lakini leo yamekwisha, sijui yamekwenda wapi, nacheka hadi kitana kinanidondoka, ndiyo mama, nimejifunza, chukua ushindi wako… Itzel anauliza kama nacheka au nalia kwenye nywele zake, na msuko ni ule ule, mkononi, nusu, inamisha kichwa, namwambia, bado nasuka.