Meza ya Watu Wanane

Siku Maina alipohama, Truphosa hakulia. Mumewe alibeba masanduku yake, akaenda kupanga chumba Akalla, mtaa mwingine wa Stockholm, naye Truphosa akavua viatu na kujilaza sebuleni mpaka binti yao Eve aliporudi kutoka shuleni. Uchovu ulikuwa umeikalia huzuni, ukaizima. Tangu hapo Eve akawa mtoto wa nyumba mbili, wiki hii kwa mama Hallonbergen, wiki ijayo kwa baba. Darasani kwake wengi waliishi hivyo na hakuna aliyeona ajabu. Aliyeona ajabu ni Truphosa, mtoto wa Vihiga, aliyekulia katika boma ambalo shangazi akikosana na mumewe alirudishwa kabla chai haijapoa.

Hawakuwa wamepigana. Walikuwa wamenyamaza tu. Truphosa alitoka alfajiri kwenda kuhudumia wazee majumbani mwao, Maina akaingia ghalani zamu ya jioni, na walipokutana jikoni kila mmoja alikuwa hana la kusema isipokuwa maziwa yamekwisha.

Katika wazee wake alikuwapo Wendell, Mmarekani aliyekimbilia Stockholm ujanani alipokataa kwenda vitani Vietnam. Alioa Mswidi, wakakosa watoto, na sasa mke alikuwa marehemu na magoti ya mzee yamegoma. Wazee wengine Truphosa aliwaita kwa majina tu. Wendell alimwomba amwite Mzee, maana alipenda jinsi neno lile lilivyotamkwa.

Kila alipoogeshwa alisimulia jambo lilelile: meza ya kwao shambani Iowa. Jioni ikifika, watoto sita na wazazi wawili walikaa kuizunguka. Baba anasali, mama anapakua, na hakuna anayeinuka mpaka baba ainuke.

"Siku hizi kwetu hakuna meza," mzee alisema. "Wanaoana, wanaachana, mtoto ana baba watatu. Kila mtu na sahani yake, kila mtu na runinga yake. Amerika imevunja nyumba zake."

Truphosa alimkausha mgongo na kuitikia. Maneno yale aliyabeba mpaka nyumbani kama mzigo wa kuni. Alipomtazama Eve akila peke yake mbele ya kompyuta, ilikuwa kana kwamba mzee alimsema yeye.

Kanisani nako hakupumua. Pélagie, mama wa Kikongo kutoka Uvira aliyekaa naye kwenye kwaya, alimshika mkono baada ya ibada.

"Mama Eve, nimesikia bwana anataka kurudia."

"Amepiga simu. Anasema tuongee Jumapili ijayo."

"Basi fungula mulango, dada. Ndoa ni kuvumilia. Ata mimi na Gédéon, unafikiri ni sukari kila siku? Mon Dieu."

Truphosa alisema ataomba. Kweli aliomba, ila alisinzia katikati ya maombi.

Wiki ile, mwishoni mwa Novemba, dada yake Wendell alikuja kutoka Amerika. Jina lake Darlene, kitinda mimba wa wale sita, na kati yao ndio wawili tu waliobaki hai. Mzee alisisimka kama mtoto. Alimwomba Truphosa aje Jumamosi, siku yake ya mapumziko, ale nao chakula cha shukrani cha kwao.

"Uje kama mgeni," alisema, "na binti yako."

Alikwenda kama mgeni, akaishia kumenya viazi. Hakukasirika, mikono yake ilikuwa imezoea. Kuku aliiva, meza ikatandikwa, wakakaa wanne. Mzee alisali, kisha akaanza palepale.

"Unakumbuka, Darlene? Wote wanane. Kimya, adabu, hakuna anayeinuka."

Darlene, mwanamke mnene mwenye nywele fupi za mvi, aliweka uma chini.

"Wendell, wewe uliondoka. Mimi nilibaki kwenye ile meza."

"Ndiyo sababu nasema unakumbuka."

"Nakumbuka. Unadhani kile kimya kilikuwa adabu? Tulikuwa tunatazama mikono ya Baba kujua usiku utakuwaje."

Eve aliacha kutafuna. Kiingereza alikielewa vizuri kuliko mama yake alivyotaka.

"Mama alifunga sanduku lake mara mbili," Darlene aliendelea, taratibu, kama mtu aliyechoka kubeba kitu na sasa anatafuta pa kukitua. "Angekwenda wapi? Kazi hana, pesa hana, watoto sita. Alikwenda kwa mchungaji, mchungaji akamwambia arudi akavumilie. Alipofiwa na Baba alihamia mjini, akapanga vyumba viwili, akaajiriwa duka la vitambaa. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto ndipo nilipomsikia Mama akiimba kwa mara ya kwanza."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyefaulu?" Mzee alikuwa ameiva uso kwa hasira. "Waume wawili umewaacha, na watoto wako kila mmoja jimbo lake!"

"Sikusema nimefaulu. Jioni nyingi nakula sahani magotini, runinga ikinisemesha. Watoto wangu hunipigia Krismasi. Anayenipeleka hospitali ni Kelsey, binti wa mume wangu wa pili. Si damu yangu, na baba yake nilishaachana naye. Sijui mtu kama huyo anaitwaje. Sisemi mambo ya sasa ni mazuri, Wendell. Nasema ya zamani hayakuwa mazuri namna unavyoyakumbuka."

Mzee aliisukuma sahani. Alishika kigari chake cha kutembelea, akaburuta miguu hadi chumbani. Truphosa alimfuata, kwa kuwa ndiyo kazi yake hata siku ya mapumziko. Akamkalisha kitandani na kumvua viatu. Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya Eve, akimuuliza Darlene ni wimbo gani mama yake alikuwa akiuimba.

"Muite dada yangu," mzee alisema mwishowe. "Na mimi nataka kusikia jibu."

Truphosa na Eve waliwaacha ndugu wale wawili chumbani, mlango umerudishwa. Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ya barafu nyembamba, wakatembea wameshikana mikono wasiteleze.

"Pappa anarudi kwetu?" Eve aliuliza. Alisema kwa Kiswidi, kama kawaida yake.

"Watu wa kanisa wanaona ingefaa."

"Na wewe?"

"Sijui, mama. Nilitaka uwe na nyumba moja."

Eve alitembea kidogo kabla ya kujibu. "Mlipokaa wote wawili nilikuwa nanyata kama mwizi. Nilikuwa nasikiliza mlivyofunga milango. Sasa angalau kwa Pappa tunacheka. Na kwako..." Akafikiri. "Kwako umechoka, lakini husikitiki kama zamani."

Truphosa alitaka kumgombeza kwa kusema hivyo, akakosa nguvu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na huyu mtoto ndiye aliyekuwa ndani muda wote.

Jumapili Maina alikuja baada ya ibada, amevaa koti zuri. Truphosa alimpa chai ya tangawizi. Eve alikuwa chumbani kwake akifunga begi, maana ndiyo siku ya kubadilisha nyumba.

"Mama Eve," Maina alianza, "nimefikiri sana. Wazee nyumbani wananiuliza. Mchungaji ananiuliza. Nikasema, labda turudiane."

"Na wewe mwenyewe, Baba Eve? Ukiwatoa hao wote, unataka?"

Maina aliikoroga chai iliyokwisha kukorogeka.

"Mimi sitaki," Truphosa akasema. "Sina chuki na wewe. Lakini nikikufungulia mlango, nitakuwa nafungulia ule ukimya wetu."

Alitarajia mumewe abishe. Alikuwa ameandaa majibu njia nzima kutoka kanisani. Lakini mabega ya Maina yalishuka, na usoni pakapita kitu ambacho hakuweza kukificha: nafuu. Nafuu ile ilimchoma Truphosa kuliko siku aliyohama. Kumbe hata Maina alikuwa ametumwa tu na wengine.

"Nashukuru umesema wewe," Maina alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ningeshindwa."

Walikubaliana mambo ya Eve haraka, kama watu wa ofisi moja. Kisha baba na binti wakatoka. Eve alimkumbatia mama yake mlangoni kwa nguvu, akasema kwa Kiswahili, neno kwa neno, "Mama, lala." Lifti ikawachukua.

Ndipo machozi yakaja. Hayakuwa mengi, lakini yalikuja. Simu ikalia, akaiacha, ikalia tena. Alikuwa Pélagie.

"Haya, dada? Bwana amerudia?"

"Hapana. Tumeamua hapana."

Truphosa alifunga macho akisubiri mahubiri.

"Umekula?" Pélagie akauliza.

"Bado."

"Niko nakuya na sombe. Weka maji ya bugari ku moto."

Truphosa alisema asijisumbue kuleta kisamvu, lakini simu ilikuwa imeshakatwa. Akainuka, akashika sufuria ya ugali.