Bomba Nyuma ya Banda la Ndege

"Kinamasi hakifagiwi, mama," msimamizi alimwambia mfagiaji mbele ya watu wote, tena anacheka. Banda kongwe la ndege katika bustani ya wanyama lilikuwa linageuzwa ardhi oevu, wanafunzi waje kujifunza. Sakafu ya saruji aliyoifagia miaka kumi na minane ilishavunjwa. Mwisho wa mwezi, kwaheri kazi. Jamani, ilimuuma!

Na alikuwa na siri. Nyuma ya banda bomba lilikuwa linavuja, mwaka wa kumi na moja sasa. Aliripoti mara mbili, wakampuuza, akaliacha. Pakaota nyasi za ndago, wakaja vyura, naye akapapenda. Sasa, kwa kuogopa kuambiwa amezembea, asubuhi hiyo alimwita shemeji yake, fundi bomba, aje alikaze kimyakimya.

"Leo ndiyo umekumbuka, shemeji?" fundi akamtania, spana mkononi. "Nilidhani unalifuga."

"Kaza, acha maneno."

Akakaza.

Saa nne mtaalamu wa mradi, binti wa juzijuzi tu, alisimama kando ya bwawa jipya la bandani ameziba pua. Matete ya kununua yalikuwa yameoza mizizi.

"Mara ya tatu hii," akasema, karibu kulia. "Nakosea wapi?"

Mfagiaji alijua. Kusema ni kujichongea. Kunyamaza, bwawa life. Akashika fagio lake kwa nguvu. Liwalo na liwe.

"Maji yako yamesimama, mwanangu. Yaingie kidogo, yatoke kidogo. Njoo uone."

Akampeleka nyuma ya banda, akamweleza yote. Tope lilishaanza kukauka kingoni, vyura wamejibanza katikati. Msimamizi naye akafika, na kusikia tu miaka kumi na mmoja, akawaka.

"Maji yote hayo! Na wewe ulikuwa unafanya nini hapa?"

"Natoa majani yaliyooza. Si yote. Ukiyaacha, maji yananuka. Ukiyamaliza, vyura wanahama."

Mtaalamu alichuchumaa, akachota tope, akalinusa. Halikunuka.

"Kila siku, mama?"

"Kila siku."

"Kumbe kinafagiwa," akasema, akimtazama msimamizi. Msimamizi akaangalia saa yake.

Shemeji, aliyekuwa hajaondoka, alishainama na spana. "Nilegeze kiasi gani?" akamuuliza mtaalamu.

"Muulize mama. Ndiye atakayebaki kukitunza kinamasi."

Mfagiaji akafuta macho kwa kanga.

"Robo tu," akasema. "Ukizidisha, utawafukuza vyura."