Mpaka Pombe Itakate

Mama Unchat alipika mchele wa kunata, akautandaza mkekani upoe, akauchanganya na chachu na kuutia mtungini. Siku hiyo hakumsema mtu vibaya, maana pombe inayopikwa kwa ugomvi hugeuka siki. Alijizuia kwa shida. Msimamizi wa kambi ya magogo alikuwa amemletea habari kwamba mwanawe, Unchat, ametoroka kazini na yuko mjini na mwanamke. Mtu aliyetoroka haombolezwi. Hata ikija Gawai, sherehe ya mavuno, hatengewi chakula cha wafu.

Baada ya wiki mbili alifunua mtungi. Pombe ilikuwa na weupe wa maji ya mchele, na chini yake alikuwa amelala mtu.

"Kumbe ni Unchat huyo!" alisema jirani yake Tija, akichungulia. "Ila hajatuama bado. Ukimchota sasa utapata machicha tu."

"Namwacha."

"Mwache, mwenzangu. Lakini usije ukatunywesha siki siku ya Gawai!"

Kila alipofunua, machicha yalikuwa yamezama zaidi. Kwanza ulionekana mto, kisha gogo lililomlalia Unchat kifuani, kisha trekta. Watu wa nyumba ndefu, kijiji kizima chini ya paa moja, walipita barazani, wakamsalimu marehemu, wakaisifu rangi. Mama Unchat alilia kila siku, lakini mtungi hakuutikisa asije akaitibua pombe. Alitaka kumwona aliyeshika usukani.

Pombe ilitakata asubuhi ya Gawai yenyewe. Kwenye usukani alikuwa msimamizi wa kambi, anasukumia gogo mtoni juu ya mtu ambaye bado anapunga mkono.

Adhuhuri msimamizi akafika. Mzee Lidom, mkuu wa nyumba, humwalika kila mwaka.

"Mzee, mtungi huu usiguswe," alisema Mama Unchat. "Mwanangu yumo. Polisi wamwone kwanza."

"Namwona, dada yangu. Naona yote. Lakini mgeni keshaingia. Tangu lini nyumba hii ikafunika mtungi mbele ya mgeni?"

Haikuwahi kutokea, na Mama Unchat alilijua hilo. Akachota mwenyewe, akampa kwa mikono miwili.

Msimamizi aliinua glasi kwenye mwanga, akajitazama humo, yeye na trekta lake.

"Safi kweli, mama. Uliiacha muda gani ikatakata hivi?"

"Tangu uliponiambia ametoroka."

"Basi unajua kungoja," alisema kwa heshima, akanywa, akanyoosha glasi tena.

Wageni walikunywa, wenyeji wakanywa. Kukataa ni mwiko, kwa hiyo na Mama Unchat alikunywa, na ilikuwa tamu. Jioni yalibaki machicha, wala hayakuonyesha mtu.

"Sasa tutamwombolezaje?" aliuliza Mzee Lidom kwa upole. "Ushahidi tumeshaunywa."

Unchat hakutengewa chakula. Msimamizi aliwaaga watu wote kwa majina, akaahidi kuja mwakani. Mama Unchat akaosha mtungi, akaloweka mchele mwingine.